Kabla ya Kushusha Gia Boksi

Miongoni mwa magari yaliyotumika yanayoteremshwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani, yako ambayo waundaji wake waliyakusudia kwa mbio zaidi kuliko kwa safari za kwenda kazini na kurudi, na si haba katika hayo yaliyopata maskani Mwananyamala, ambako jioni utayaona yameegeshwa mbele ya nyumba za Komakoma na Kwa Kopa: hapa Subaru Impreza WRX yenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti, pale Toyota Altezza RS200 ya gia sita, kule Forester yenye tabo, ambayo kwa sura ni gari la familia na kwa nguvu ni ndugu wa damu wa hiyo ya kwanza. Mwenye gari la namna hii aghalabu huijua injini yake barabara, naye atakutajia ukubwa wake, presha ya tabo yake na mizunguko yake hata kama hukumwuliza. Lakini gia boksi, inayozipokea nguvu zote hizo na kuzipeleka kwenye magurudumu, haijui ila kwa jina, mpaka siku inapokwaruza, inapochomoa gia, au inapogoma kabisa katikati ya foleni ya Morocco, huku madereva wa daladala walio nyuma yake wakimpa ushauri wa bure.

Makala haya nimeyakusudia kwa mtu huyo, na kwa fundi kijana anayeletewa gari lake. Rai yangu ni kwamba gia boksi yafaa iwe kitu cha mwisho kushushwa, wala si cha kwanza, kwa kuwa maradhi mengi inayosingiziwa chanzo chake ki mahali pengine, mahali panapofikiwa kwa spana chache na subira kidogo. Na kwamba hata pale ugonjwa unapokuwa wake kweli, anayeifungua bila kujua anachokitafuta ndani hulipa gharama mara mbili.

Yanayotokea siku ya kugoma yanajulikana. Gari huvutwa mpaka gereji, nayo gereji, kama zilivyo nyingi za kwetu, ni uwanja wa mchanga chini ya mwembe, wenye jeki, magogo ya kukingia, na mafundi hodari wa mikono. Fundi huingia garini, huikanyaga klachi mara moja, huusukuma mkono wa gia, kisha hutoa hukumu: "Bosi, gia boksi imekwisha hii. Tuishushe." Na mwenye gari, ambaye fadhaa imekwisha kumshika, hujibu, "Fundi, we shusha tu," asijue kwamba kwa maneno hayo machache ameikubali gharama ambayo pengine haikuwa na lazima. Gia boksi hushuka, hununuliwa nyingine iliyotumika Mtaa wa Shaurimoyo, hufungwa, gari huwashwa, na gia hukataa kuingia vile vile kama zilivyokataa jana, kwa sababu iliyokuwa mbovu tangu mwanzo ni silinda ndogo ya klachi inayovuja.

Kwa hiyo mtihani wa kwanza ni wa kuibainisha klachi, na hauhitaji hata spana. Zima injini, kanyaga klachi, upitishe mkono katika gia zote moja baada ya moja, pamoja na rivasi. Zikiingia zote kwa ulaini wakati injini imezimwa, na zikakataa au kukwaruza inapokuwa inanguruma, basi gia boksi yaelekea haina kosa. Kosa ni la klachi isiyoachia sawasawa, ambayo hata ukiikanyaga mpaka sakafuni huendelea kuizungusha shafti ya kuingizia nguvu. Ukitaka yakini zaidi, washa injini, acha gia katika nyutro, kanyaga klachi, usubiri sekunde nne au tano bila kugusa kitu, kisha tia rivasi. Katika gia boksi nyingi gia ya rivasi haina sinkronaiza, yaani ile pete ya shaba inayolinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Falau shafti ingekuwa imeachiwa kweli, katika sekunde hizo ingekuwa imekwisha kusimama, na rivasi ingeingia kimya. Ikikwaruza, klachi bado inashika.

Hapo tena usikimbilie kununua klachi pleti. Katika WRX na Altezza klachi husukumwa na oili, ile ile ya breki, itokayo masta silinda iliyo karibu na pedali na kwenda katika silinda ndogo iliyofungwa kwenye ubavu wa gia boksi. Ipige pedali mara mbili tatu kwa haraka, kisha jaribu gia. Iwapo sasa inaingia, ujue kuna hewa ndani ya bomba au mpira wa silinda umechakaa, na kazi yote ni ya asubuhi moja. Funua kile kifuniko cha mpira mwishoni mwa silinda ya chini, utie kidole: pakiwa na majimaji, umekwisha kupata jawabu. Oili ya breki ina tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na sisi tuishio pwani hatuna upungufu wa unyevu. Oili iliyokaa miaka mingi katika chombo chake hugeuka nyeusi na kuzila raba na silinda zenyewe, nayo hubadilishwa kwa fedha isiyofikia hata posho ya fundi ya siku moja ya kushusha gia boksi.

Ugonjwa wa pili wa klachi ni kinyume cha ule wa kwanza, yaani klachi kuteleza. Ukiwa katika gia ya juu, mwendo wa wastani, kanyaga mafuta kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ukipanda upesi ilhali mshale wa mwendo unajikongoja nyuma yake, klachi pleti imekwisha. Katika hali hii gia boksi itashushwa, kwani klachi haifikiwi vinginevyo, lakini itashushwa kwa sababu inayojulikana, na haitafunguliwa.

Gia inayochomoka yenyewe nayo huwatisha watu kupita kiasi chake. Ni kweli kwamba huweza kuwa dalili ya meno madogo ya kushikia yaliyolika, au uma wa ndani uliopinda, au springi iliyochoka ya kushikilia gia mahali pake. Illa kabla ya kuyawaza hayo, mwambie mwenzako akae garini, atie gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo huku breki imeshikwa, nawe utazame kwa pembeni injini na gia boksi zinavyocheza juu ya raba zake za kushikilia. Raba ikiwa imekatika, gia boksi yote huinuka na kuegemea upande mmoja kila unapokanyaga mafuta, mkono wa gia huvutwa nayo, na gia huchomoka bila ya jino hata moja la ndani kuwa na hatia. Ndivyo ilivyo pia kwa bushi za vyuma vya mkono wa gia, ambazo zikilika humfanya dereva adhani ametia gia ya tatu kumbe ameifikisha nusu ya safari.

Baada ya klachi na raba huja zamu ya masikio. Sina budi hapa kusema neno litakalowaudhi vijana wa mtaani kwetu: gari lililokatwa bomba la moshi ili lingurume limempokonya mwenyewe chombo chake bora cha uchunguzi, maana gia boksi huanza kulalamika miezi mingi kabla ya kufa, na yeye huwa hasikii lolote. Mwenye gari la namna hiyo na aazime bisibisi ndefu ya fundi, aiweke ncha kwenye ganda la gia boksi na mpini sikioni, injini ikiwa inazunguka polepole, naye atashangaa jinsi sauti ya beringi moja inavyojitenga na nyingine.

Kama mvumo unasikika gari likiwa limesimama katika nyutro, na ukikanyaga klachi unanyamaza, beringi ya shafti ya kuingizia nguvu imechoka, na hiyo ni ya ndani. Kama kinyume chake kelele inazaliwa pale unapokanyaga klachi, iliyochoka ni rilizi beringi, ambayo ni mali ya klachi. Mvumo unaofuata mwendo wa gari, ambao hata ukitia nyutro na kuliacha gari lijiendee lenyewe hauondoki, huenda ukawa wa difu, au, jambo linalosahauliwa mno, wa beringi ya gurudumu. Tafuta barabara pana isiyo na watu, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Mvumo ukizidi uzito unapoegemea upande mmoja na kupungua unapohamia wa pili, ni beringi ya gurudumu, na wapo watu waliokwisha kununua gia boksi nzima ya Forester kwa ajili ya beringi ya gurudumu la nyuma.

Kwa Altezza uko mtihani mmoja zaidi ambao naupenda kwa usahihi wake. Katika gia boksi yake ya gia sita, gia ya tano huipitisha nguvu moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma, mzunguko mmoja kwa mmoja, bila kuibebesha mzigo shafti ya chini. Katika gia nyingine zote nguvu hushuka kwanza kwenye shafti hiyo ya chini ndipo ipande tena. Basi gari likivuma katika gia ya tatu na ya nne, kisha likatulia ghafla katika ya tano, mgonjwa ni shafti ya chini au beringi zake. Subaru haina njia hiyo ya moja kwa moja, kwani gia zake zote hupitisha nguvu katika jozi moja ya meno, na kwa hiyo mtihani huu usiutumie kwake.

Ikiwa kukwaruza ni kwa gia moja tu, aghalabu ya pili au ya tatu, na hasa unapoharakisha kubadilisha, shaka yetu huangukia sinkronaiza. Thibitisha hivi: toa gia, achia klachi ukiwa katika nyutro, gusa mafuta kidogo kama unateremsha gia, kanyaga klachi tena, ndipo utie gia unayoitaka. Hii ndiyo desturi ya madereva wa malori ya zamani ambayo hayakuwa na sinkronaiza kabisa. Gia ikiingia kwa adabu kwa njia hii na kukwaruza kwa njia ya kawaida, pete ya shaba ya gia hiyo imelika. Lakini ikikwaruza asubuhi tu, na gari likishapata joto ikatulia, tazama oili kwanza.

Na oili ni mlango wenye msongamano wa makosa. Gia boksi ya manyuali ya Subaru imechukua ndani yake difu ya mbele, yenye meno yanayosuguana kwa kuteleza na kwa mgandamizo mkubwa, ndiyo maana hutaka oili ya daraja la GL-5, 75W-90, kiasi cha lita 3.5 kwa ile ya gia tano. Na anayeitia oili ya daraja la chini kwa kuwa ni rahisi huiadhibu difu hiyo. Kwa upande mwingine, ziko gia boksi zinazotaka GL-4, ambazo zikitiwa GL-5 sinkronaiza zake hukosa mshiko, kwa kuwa dawa zilizomo huyafaa meno ya difu na huinyima msuguano pete ya shaba, na katika baadhi ya oili dawa hizo huila shaba yenyewe. Soma kitabu cha gari lako, na usikubali neno la kwamba "oili ya gia ni oili ya gia." Wenye Forester na Impreza za otomatiki za gia nne nawatahadharisha jambo moja tu, kwa kuwa otomatiki yastahili makala yake: katika hizo difu ya mbele ina oili yake ya peke yake, kijiti chake cha kupimia na nati yake ya kumwagia, na yuko fundi ambaye humwaga oili ya difu akidhani amemwaga ya gia boksi, kisha hujaza ya gia boksi juu ya ile iliyokuwemo. Gari huondoka likiwa na gia boksi iliyofurika na difu iliyo kavu, na haliendi mbali.

Kisha yako maji. Mvua kubwa zinaponyesha, bonde la Jangwani na mabonde yetu ya Kinondoni, kama Mkwajuni, hujaa, na mwenye gari la mbio, kwa ghururi ya nguvu alizonazo, hujitosa. Gia boksi iliyotoka kufanya kazi ina joto. Nayo ina kitundu juu, au kibomba kidogo, cha kupumulia. Inapozama ghafla katika maji ya baridi, hewa iliyomo ndani hunywea, na kitundu kile huvuta chochote kilicho karibu, ambacho wakati huo ni maji ya mtaro. Dereva hutoka upande wa pili akishangilia, na gari huendelea vizuri wiki kadhaa, wakati beringi zinapata kutu ndani kwa ndani. Aliyepita katika maji yaliyofika usawa wa sakafu ya gari na atazame oili ya gia boksi na ya difu siku ile ile au ya pili yake; ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, imwagwe, itiwe mpya, gari liendeshwe kidogo, imwagwe tena.

Kuimwaga oili ndiyo hatua ya mwisho ya uchunguzi kabla ya kushusha kitu chochote, nami ningependa ifanywe kwa staha kuliko inavyofanywa. Weka beseni safi, chuja oili yote kwa kipande cha bafta nyeupe, kisha utandaze bafta hiyo juani na kuitazama kwa karibu. Nati ya kumwagia mara nyingi ina sumaku, na uji laini wa kijivu uliojikusanya juu yake si ajabu, ni uchakavu wa kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu linalometameta katika nyuzi za bafta, lisiloshikwa na sumaku, ni shaba ya sinkronaiza. Vijipande bapa vyembamba vya chuma, kama magamba ya dagaa, ni ngozi ya beringi inayobanduka. Na kipande chenye pembe, kizito, ambacho ukikigeuza unaona upande mmoja umeng'aa na wa pili una chembechembe za kijivu, ni jino lililovunjika. Hapo tashwishi imekwisha, gari lisiendeshwe tena hata kwenda gereji ya pili.

Meno ya gia huvunjika kwa sababu, na kwa Subaru sababu hiyo yafaa ielezwe. Watu wa Afrika Mashariki waliipenda Subaru kupitia Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ambamo Colin McRae alishinda kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Mnunuzi wa leo huona umbo lile lile na rangi ile ile ya buluu, akadhani amenunua na uti wa mgongo ule ule. La. Gari la mashindano lilikuwa na gia boksi iliyoundwa kwa mashindano na kubadilishwa kila ilipobidi. WRX ya kawaida ina gia boksi ya gia tano yenye meno membamba kiasi, iliyokusudiwa mtu mstaarabu, na hata kampuni yenyewe ilipoitoa STI, toleo kali zaidi la WRX, ya kizazi cha pili iliona haja ya kuipa gia boksi nyingine, nzito zaidi, ya gia sita. Fauka ya hayo, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, likiwa juu ya lami kavu, halina pa kupunguzia pigo. Altezza ukiiachia klachi ghafla, matairi ya nyuma hulia na kuteleza, na pigo huishia katika moshi. Subaru ukiifanyia vivyo hivyo, matairi manne hushika, na pigo lote huenda kwenye meno. Kuachia klachi kwa kishindo kwenye taa za barabarani ili kumpita jirani ndiko kunakozijaza meza za Shaurimoyo wateja.

Ikithibiti kwamba ugonjwa ni wa ndani, swali la kutengeneza au kununua nyingine hujitokeza, na hapa mafundi wengi hupendelea kununua kwa kuwa kazi yake ni fupi. Mimi napendelea kuitengeneza ile uliyonayo, maadamu ganda lake halikupasuka na meno yake hayakuvunjika mengi, kwa sababu historia yake unaijua, ilhali ile iliyolala juu ya meza ya dukani ilitolewa katika gari lisilojulikana kwa sababu isiyojulikana. Ukilazimika kununua, Subaru ina mtego unaowanasa hata wazoefu. Difu ya mbele imo ndani ya gia boksi, ya nyuma iko peke yake, na sharti uwiano wa meno yake ulingane: iwapo ya nyuma ni 4.444, gia boksi nayo iwe ya 4.444, iwapo ni 3.9, iwe ya 3.9. Ukifunga gia boksi ya 4.11 katika gari la difu ya 4.444, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda kwa mwendo tofauti, na kati yao difu ya katikati itasagwa mpaka iungue, gari likijivuta na kurukaruka katika kila kona kali. STI za gia sita zina hesabu yao, kwani ziko zenye 3.9 mbele na 3.545 nyuma, tofauti ikisawazishwa na jozi ya meno iliyomo ndani ya gia boksi, kwa hiyo anayenunua gia boksi ya STI na ainunue pamoja na difu yake ya nyuma. Namba ya gia boksi hubandikwa juu ya ganda, karibu na mahali inapofungwa na injini, ikianza TY75 kwa za gia tano na TY85 kwa za gia sita. Ikiwa karatasi hiyo imebanduliwa kwa makusudi, ondoka dukani.

Dalili ile ile ya kujivuta konani huletwa pia na matairi. Gari hili halivumilii tairi mpya mbele na kipara nyuma. Tofauti ya mzingo ipitayo kiasi cha milimita 6 inatosha kuitesa difu ya katikati kila kilomita. Wale wanaonunua matairi ya mtumba mojamoja kadiri wanavyojaliwa wachukue utepe wa fundi cherehani wapime kabla ya kulaumu gia boksi.

Sasa kazi yenyewe. WRX nyingi za gia tano zina klachi ya kuvutwa, si ya kusukumwa, na uma wa klachi umeishika rilizi beringi kwa ndani, hivyo gia boksi haitoki mpaka pini ya uma huo ichomolewe. Kwenye ganda kuna kizibo kinachofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Ukikitoa, ndani utaiona pini yenye tundu la hesi, ambamo hutiwa bolti nyembamba ya milimita 6 na pini ikavutwa nje nayo. Fundi asiyejua hili huchukua mtarimbo, na husikia mlio wa kitu kinachokatika, nacho huwa ni presha pleti ya mteja.

Gia boksi ikishashuka, isifunguliwe juu ya mchanga. Uwanja wa gereji zetu una vumbi jembamba la pwani, na punje moja ikiingia katika beringi mpya huifanya nzee kabla haijazunguka. Ioshwe kwanza nje kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae, ipelekwe juu ya meza, itandikwe nguo safi, na kila kipande kipigwe picha kwa simu kabla ya kutolewa. Ganda la Subaru hupasuliwa katikati kwa urefu, upande wa kulia na wa kushoto, na pembeni mwake kuna vishikizo viwili vya mviringo vyenye meno, vinavyoibana difu ya mbele. Hivyo viwekewe alama ya patasi na vihesabiwe meno kabla ya kuguswa, kwa maana nafasi kati ya meno ya difu hupimwa kwavyo, na anayevizungusha bila alama atarudisha gari linalolia mwendo wote, nalo halitanyamaza kwa oili yoyote.

Pete za sinkronaiza hujaribiwa kwa mkono: ibane pete kwenye koni yake na kuizungusha, iliyo nzima hushika, iliyolika huteleza na kukaa karibu mno na gia, isiache nafasi ya kupimwa. Ukibadilisha pete, itazame na koni yenyewe, na yale meno madogo ya kushikia, maana pete mpya juu ya meno yaliyopukutika ni fedha iliyotupwa. Beringi hutolewa kwa pula na kutiwa kwa presi, wala si kwa nyundo na kipande cha bomba; gereji isiyo na presi na izipeleke shafti kwa fundi wa mashine mwenye nayo, huko huko zipate kupimwa kama zimepinda. Namba ya beringi imechorwa ubavuni mwake, nayo ndiyo ya kwenda nayo dukani. Ukipewa mpya ambayo maandishi yake yanafutika kwa kucha, irudishe. Silikoni ya kuunganishia ganda ipakwe nyembamba, kwani inayofurika kwa nje inafurika na kwa ndani, na vipande vyake huziba njia za oili. Na wakati gia boksi i chini, oili sili ya nyuma ya injini, sili ya shafti ya kuingizia nguvu na rilizi beringi zibadilishwe hata kama bado zinajiweza, na flaiwili ipelekwe kuchongwa. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kuishusha gia boksi mara ya pili.

Kabla fundi hajaanza, mwenye gari na apatane naye kwamba vipande vyote vilivyotolewa atakabidhiwa mkononi. Si kwa kumdhania ghashi. Beringi iliyokufa na pete iliyolika ndizo zitakazoeleza, iwapo ugonjwa utarudi, kama ni ule ule au ni mwingine. Oili ya kwanza baada ya matengenezo isikae mpaka muda wake wa kawaida: iendeshwe kilomita 1,000 kwa mwendo wa upole, bila kuachia klachi kwa kishindo, kisha imwagwe na kuchujwa tena kwa bafta. Vumbi kidogo la kijivu juu ya sumaku litakuwepo, kwa kuwa vyuma vipya vinazoeana. Likiwa la dhahabu, rudi kwa fundi huyo huyo siku ile ile, ukiwa na bafta mkononi.